Panki Si Mtindo wa Nywele

Wiki moja kabla ya Ramadhani nilikwenda kunyoa Darajani nikiwa nimevaa fulana iliyoandikwa X-Ray Spex. Kinyozi akaisoma silabi kwa silabi, akaniuliza ni timu ya wapi. Nikamwambia si timu, ni bendi ya panki ya Uingereza, bendi kongwe iliyovunjika ikarudi. Akazima mashine ili acheke vizuri.

"Panki naichonga mimi hapa kila siku, bwana. Tangu lini ikaimba?"

Waliokuwa wakisubiri zamu wakadakia, kila mmoja na lake. Maneno yaleyale nimeyakuta barzani, nimeyakuta harusini, na nyumbani pia. Nayajibu hapa kwa maandishi kwa sababu barzani sipati nafasi: wanaosema panki ni kelele ndio wanaopiga kelele zaidi.

"Panki ni nywele"

Hili nawasamehe. Neno lilitufikia kichwani kabla ya kutufikia masikioni. Mzee mmoja pale kwa kinyozi alisema hataki hata kulisikia, maana anakumbuka miaka ya sabini hapa Unguja, nywele ndefu na suruali ya bugaluu zilivyotosha kukutia matatani. Kwake panki ni jina jipya la kosa lilelile.

Panki ni muziki, ulioshika moto New York na London kwenye mwaka 1976. Gitaa, besi, ngoma, na mtu anayeimba kama anayemfokea mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi usiku. "New Rose" ya The Damned, iliyotoka Oktoba 1976 na kuhesabiwa santuri ya kwanza ya panki ya Uingereza, haifiki hata dakika tatu. Kile kishungi kama cha jogoo kilienea zaidi baadaye, miaka ya 1980. Mwimbaji wa X-Ray Spex, msichana aliyejiita Poly Styrene, hakuwa nacho. Alikuwa na vyuma vya kunyooshea meno, na alipanua mdomo navyo jukwaani bila kuona haya.

"Ni muziki wa Wazungu, sisi unatuhusu nini?"

Hapa naomba nikae kitako.

Jina alilozaliwa nalo Poly Styrene ni Marianne Elliott-Said. Lisome tena hilo la mwisho. Baba yake alikuwa Msomali, mama yake Mzungu. Alizaliwa mwaka 1957, akakulia Brixton, London. Tarehe 3 Julai 1976, siku aliyotimiza miaka 19, alikwenda kuwatazama Sex Pistols, bendi ya panki ya London, kwenye gati la Hastings, lile lililojengwa kuingia baharini, akarudi kwao na kutia tangazo gazetini kutafuta vijana wa kuunda naye bendi. Nilipoitaja hiyo "Said" barzani, bwana mmoja ambaye dakika tano nyuma alikuwa akiniombea mwongozo akaweka kikombe chake cha kahawa chini. "Kumbe mtoto wa kwetu huyo!" Sikumkatalia.

Tena si yeye peke yake. Huko Detroit, Marekani, ndugu watatu weusi, David, Bobby na Dannis Hackney, walirekodi nyimbo zao mwaka 1975, kabla panki haijashika moto. Bendi yao iliitwa Death, yaani Mauti. Mkuu wa kampuni moja kubwa ya santuri alikuwa tayari kuwasaidia ila akataka wabadilishe jina, naye David akakataa. (Mimi ningelibadilisha, nakiri. Ndiyo maana sina bendi.) Mwaka 1976 wakatoa santuri ndogo kwa fedha zao, nakala 500, ikapita kimya. Miaka ikaenda, wakusanyaji wa santuri wakaanza kuisaka kama watu wanaosaka sarafu za zamani, hadi mwaka 2009 nyimbo zile zikatoka kuwa albamu, miaka 34 baada ya kurekodiwa. David hakuiona. Alifariki mwaka 2000.

Bad Brains wa Washington ni weusi, na ni Marasta. Na Johannesburg, chini ya sheria za ubaguzi, kulikuwa na National Wake, weusi na weupe katika bendi moja, wakati ambapo weusi na weupe kukaa pamoja tu kulikuwa kuvunja sheria. Albamu yao ilitoka mwaka 1981, na nyimbo zao zikatolewa upya mwaka 2013.

"Hawajui kupiga"

Wengine kweli hawakujua, na hawakujificha. Lakini Bad Brains walianza kwa kupiga jazi, tena ile ngumu, ndipo wakaongeza mwendo. Wasikilize wanavyokata kasi ghafla na kuingia rege bila kujikwaa. Tuendelee.

"Bendi zilizovunjika zinarudi kwa sababu ya njaa"

Wapo. Sex Pistols walipoungana tena mwaka 1996 waliwaita waandishi wa habari, na mwimbaji wao, Johnny Rotten, akasema wazi kwamba kilichowakutanisha ni pesa zetu sisi mashabiki. Angalau hakuzunguka mbuyu.

Ila tazama walichofanya: ziara. Albamu ya nyimbo mpya hawakutoa. Mwenye njaa hufanya ziara akaimba zilezile za zamani, watu wakalia machozi, akalipwa, akaenda zake. Albamu mpya ni gharama na ni balaa: miezi ya studio, mafundi wa kulipwa, halafu ukiupiga wimbo mpya jukwaani ndipo watu wanapokumbuka kwenda msalani. Mtu anayeingia studio baada ya miaka kumi au ishirini huenda ana mengi yanayomsumbua, na njaa si ya kwanza kwenye orodha.

The Damned hao hao walitoa "Evil Spirits" mwaka 2018, miaka kumi baada ya albamu iliyotangulia. Mashabiki ndio waliolipa kwanza, kwa mchango wa mtandaoni, kabla hata ya nyimbo kurekodiwa. Ilishika nafasi ya 7 kwenye chati ya Uingereza, na katika miaka yao arubaini kabla ya hapo hawakuwahi kuingia kumi bora kwa albamu. Nilipoyaeleza haya nyumbani, mama aliyaelewa haraka kuliko wote. Akasema, "Si wanatunza tu?" Ndiyo hasa. Anayenyanyuka kwenye taarabu na noti mkononi, akaenda kwa mwimbaji akicheza taratibu, kiingilio alishalipa mlangoni. Ile noti ni ya ubeti wake. Tofauti ni kwamba hawa wa The Damned waliutunza ubeti ambao haujaandikwa.

"Bila waanzilishi, si bendi ile tena"

Dhana hii huwa nashangaa kuisikia Unguja, mahali penye Nadi Ikhwan Safaa. Imeundwa mwaka 1905. Mwaka 2005 ilipotimiza karne ikatolewa albamu ya kuiadhimisha. Wale wa 1905 hakuna aliyekuwepo, na sijapata kumsikia mtu akisema kwa hiyo si Ikhwan Safaa. Nadi ni chama. Ina wanachama, kijana anakaa nyuma ya mzee mpaka vidole vyake vinazoea, mzee akiondoka kiti hakikai wazi.

Bendi ya panki haikujengwa hivyo, na hapo nakubali barza ina hoja. Ile ni kama ndoa ya watu wanne wenye hasira. Pete Shelley wa Buzzcocks alipofariki Desemba 2018, Steve Diggle, aliyekuwa naye tangu miaka ile ya mwanzo, akachukua kuimba, na albamu ikatoka mwaka 2022. Wapo walioipokea, wapo walioona ni matanga yasiyokwisha. Mimi naisikiliza, lakini si usiku.

Kwa X-Ray Spex mambo yalikwenda kinyume kabisa. Aliyepuliza saksafoni kwenye santuri yao ya kwanza ya 1977 alikuwa msichana wa skuli, Lora Logic, naye alishaondoka walipotoa albamu yao maarufu ya 1978, "Germfree Adolescents". Bendi ikavunjika mwaka uliofuata. Waliporudi na "Conscious Consumer" mwaka 1995, Lora alikuwemo. Kwa hiyo anayetaka saksafoni ya mwanzo ataipata kwenye albamu ya kurudi, si kwenye ile ya heshima. Watu hawalijui hili kwa sababu hiyo ya 1995 haikusikika sana.

"Mashabiki wa zamani hawataki kipya, na wana haki, maana kipya huwa kimechoka"

Nusu ya kwanza ina ukweli. The Stooges walitoa "The Weirdness" mwaka 2007, miaka 34 baada ya albamu iliyotangulia, na wahakiki wakaikandia vibaya. Refused wa Sweden walivunjika mwaka 1998, wakarudi jukwaani 2012, wakatoa "Freedom" mwaka 2015, na walionung'unika zaidi ni wale waliokuwa wamewalilia warudi.

Nusu ya pili nina ushahidi wake mwenyewe, na unaniaibisha.

Ami yangu aliondoka Unguja kijana, akaishi London. Novemba 2009 alikuja kwenye harusi ya dada yangu, akaniachia kanda moja ya kaseti aliyoinakili mwenyewe, imeandikwa kwa wino wa buluu: upande A albamu ya X-Ray Spex ya 1978, upande B ile yao ya 1995. Akasema nisikilize kwa mpangilio, nisiruke.

Desemba 10 umeme ukakatika kisiwa kizima. Wanaokumbuka wanajua: ulirudi Machi. Miezi mitatu ya mishumaa, jenereta za wenye uwezo, na ndoo za maji. Mimi nilikuwa na redio kaseti ya betri sita. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata uhai wa nusu saa, tukazirudisha. Kila usiku nilianza upande A kama nilivyoagizwa. Nikaupenda sana: sauti nzito ya mwanamke mwenye huzuni, inayovuta maneno polepole. Upande B ulikuwa mzito zaidi, unaburura, saksafoni inalia kama jahazi linalokwama. Nikakata shauri kwamba hawa walirudi wazee, wamechoka, wasingerudi. Nikayasema hayo barzani, kwa ufasaha, kwa miezi.

Umeme uliporudi nikachomeka redio ukutani. Msichana akaruka kutoka kwenye spika akipiga ukelele mwembamba kama filimbi ya mwamuzi, mbio, anacheka ndani yake. Nikamwambia mdogo wangu, "Hizi wamezirekodi upya, wameziharibu." Akanitazama, akaitazama redio, kisha akaziokota betri zangu sita dirishani na kunipa mkononi.

Aprili 2011 ami alipiga simu usiku. Poly Styrene amefariki, kwa saratani, ana miaka 53, na albamu yake mwenyewe, "Generation Indigo", haijatimiza hata mwezi mmoja tangu itoke Uingereza. Hakuwa na mengi ya kusema. Nilikosa la kumfariji, nikajikuta namsimulia habari ya betri. Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Sasa ule upande B," akauliza, "uliurudia umeme ulipokuja?"

Nikamwambia bado.

"Nenda kausikilize. Mimi nakaa kwenye simu."