Kitako cha Bunduki Kikibonyea, Msasa Usiwe wa Kwanza

"Kimebonyea? Piga msasa." Dhana hii inaniuma kuliko zote, kwa kuwa nimeona vitako vizuri vya mbao ya mjozi vikiharibiwa nayo. Ili kibonyeo kipotee kwa msasa, lazima upunguze mbao yote iliyokizunguka. Pale kitako kinapokutana na bamba la chuma la nyuma, mbao inashuka, chuma kinabaki kimetokeza. Kwenye bunduki kongwe kama Lee-Enfield, mihuri iliyogongwa kwenye mbao inafutika moja kwa moja.

Mbao iliyobonyea haijapungua. Nyuzi zake zimegandamizwa tu, bado zimo. Maji na joto huzilegeza na kuzivimbisha mpaka zikaribie mahali pake. Hakikisha bunduki haina risasi, kisha fungua skrubu utenganishe mbao na chuma, maana unyevu ukiingia kwenye chuma utaleta kutu. Dondoshea maji kwenye kibonyeo, yaache yanywewe. Weka kitambaa cha pamba kilicholowa, gusisha ncha ya pasi ya moto. Utasikia "chsss", mvuke utapanda. Inua pasi kabla kitambaa hakijakauka. Sasa mulika tochi kwa ubavu: kivuli kilichokuwa kimejaa ndani ya kibonyeo kimebaki uzi mwembamba. Rudia mara tatu au nne.

Wapo wanaodhani pasi ikikandamizwa muda mrefu kazi itaisha haraka. Kinachoinua mbao ni mvuke. Kitambaa kikikauka mbao inaungua, na weusi ule utautoa kwa msasa uleule tuliokuwa tukiukwepa.

Wala mvuke hautibu kila kitu. Nyuzi zikiwa zimekatika, au kipande kimeng'oka, hakuna cha kuinuka. Hapo weka kiraka cha mbao ya aina ileile, au faila, yaani uji mzito wa kuzibia mashimo ya mbao. Lakini usianze na faila kwenye kibonyeo cha kawaida, kwani ikishaziba, maji hayapiti tena. Vanishi nene nayo huzuia maji, na nyingine hugeuka nyeupe kwa mvuke, kwa hiyo iondoe kwanza mahali hapo.

"Kikishainuka, maliza leo leo." Hapana, kiache hata siku nzima. Mbao iliyolowa imevimba. Ukiisawazisha ikiwa hivyo, ikikauka itashuka na kukuachia bonde jipya. Ikishakauka, utahisi vinyweleo vya mbao vimesimama chini ya kidole. Sugua kidogo kwa msasa laini, namba 320, ukifuata mkondo wa nyuzi, kisha paka mafuta ya kitani kwa kiganja, kidogo kidogo.

Na tambara la mafuta hayo si takataka ya kawaida, kama wengi wanavyodhani. Mafuta ya kitani yanapokauka huvuta oksijeni na kutoa joto. Tambara lililokunjwa na kutupwa kwenye boksi laweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Litandaze nje, peke yake, mpaka likauke kabisa, au litumbukize kwenye ndoo ya maji.