Koi Anapougua Bwawani: Dhana Potofu na Ukweli

Mtu anayefuga koi, samaki wa mapambo wa ukoo wa karpu, uani huwatambua samaki wake mmoja mmoja kwa mabaka yao ya rangi na kwa namna kila mmoja anavyojitokeza wakati wa kulishwa. Ndiyo maana akimwona mmoja amejitenga pembeni, amebana mapezi na hataki chakula, jambo la kwanza ni kukimbilia dukani kutafuta dawa. Hamu hiyo ya kuokoa inastahili heshima, ila ikitangulia kipimo huweza kuua, kwa sababu mengi yanayosemwa kuhusu koi mgonjwa hayalingani na jinsi samaki huyu anavyoishi. Nayapitia hapa yale yanayoleta madhara makubwa zaidi.

"Maji ni maangavu, kwa hiyo tatizo haliko kwenye maji"

Dhana hii ndiyo inayozaa nyingine zote. Koi hutoa amonia mchana na usiku, nyingi yake kupitia matamvua anayopumulia, na amonia hiyo ikiyeyuka majini haina rangi. Bwawa unaloona hadi sakafu yake linaweza kuwa linaunguza matamvua ya samaki, ilhali bwawa la kijani kwa mwani, lisilopendeza macho, likawa salama kabisa kwa kipimo.

Kiasi cha amonia peke yake hakitoshi kukuambia hatari ni kubwa kiasi gani, kwa kuwa sumu yake hutegemea joto la maji na pH, yaani kipimo cha asidi au ualkali wa maji. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia hiyo katika umbo lenye sumu kali; pH ikifika 8 sehemu hiyo huwa kama asilimia 5, na ikifika 9 huzidi theluthi moja. Jambo hili linatuhusu sana sisi ambao mabwawa yetu mengi ya nyumbani hujengwa kwa saruji, kwa maana saruji mpya isiyolowekwa na kusafishwa vya kutosha huachia chokaa na kupandisha pH. Mwani nao hupandisha pH jua linapowaka, kwa hiyo kipimo cha alfajiri hutofautiana na cha alasiri katika bwawa lile lile. Pima nyakati zote mbili kabla ya kusema kwamba maji ni mazuri.

Baada ya amonia huja nitriti. Bakteria wanaoishi ndani ya kichujio huibadili amonia kuwa nitriti, na wengine huibadili nitriti kuwa nitrati ambayo haina makali hayo. Bakteria hao huhitaji kiasi cha wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi, kuimarika katika kichujio kipya. Nitriti ikirundikana huingia kwenye damu na kuifanya ya kahawia, damu hiyo ikashindwa kubeba oksijeni, na samaki akahema kwa shida hata pale pampu ya hewa inapofanya kazi sawasawa. Ukifunua kifuniko cha shavu taratibu ukakuta matamvua yamekuwa kahawia badala ya mekundu, pima nitriti kabla ya jambo lolote jingine.

Kichujio chenyewe hufa kwa njia mbili tunazozijua vizuri. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria hukosa oksijeni, na pampu inaporudi huanza kwa kumwaga uchafu wote uliooza bwawani; ni busara kumwaga kwanza maji yaliyolala ndani ya kichujio. Njia ya pili ni kuosha sponji kwa maji ya bomba, ambayo klorini yake huua wale wale tunaowategemea. Sponji huoshwa kwenye ndoo ya maji yaliyotekwa bwawani.

"Badilisha maji yote, samaki aanze upya"

Samaki aliyedhoofika hawezi kuhimili mabadiliko ya ghafla ya joto, pH na chumvi kwa mpigo mmoja. Kubadilisha asilimia 20 hadi 30, kisha kurudia kesho yake ikiwa vipimo bado ni vibaya, humpa nafuu bila kumshtua. Klorini ya maji ya bomba huondoka yenyewe maji yakikaa wazi kwenye tangi kwa siku moja au mbili huku yakipuliziwa hewa, ila kloramini, mchanganyiko wa klorini na amonia unaowekwa kwenye maji ya bomba baadhi ya mahali, haiondoki hivyo, na huhitaji kemikali ya kuiondoa kama sodiamu thiosulfeti. Maji ya kisima hayana klorini, lakini mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo, basi yaangushwe kutoka juu yapate hewa kabla hayajawafikia samaki.

"Anahema juu ya maji kwa sababu ana njaa"

Koi mwenye njaa hufuata kivuli cha mtu na hufungua kinywa pale chakula kinapoanguka. Anayehema juu alfajiri wakati hakuna mtu anatafuta oksijeni, kwa kuwa mimea na mwani huitumia usiku kucha na kiwango chake huwa chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Kumlisha wakati huo ni kumwongezea mzigo. Washa pampu ya hewa, punguza mwani, na usimpe chakula kwa siku kadhaa. Koi mkubwa mwenye afya ya wastani haumizwi na kufunga kwa muda huo.

"Ana kidonda, basi mimina vidonge vya antibayotiki"

Nimeona vidonge vya tetrasaiklini vya binadamu vikifunguliwa kimoja kimoja na unga wake kunyunyizwa bwawani, na nasikitika kila ninapoona. Dawa hiyo hunaswa na kalsiamu na magnesiamu katika maji magumu, hivyo kinachomfikia samaki ni kidogo. Wakati huo huo huweza kudhuru bakteria wa kichujio na kuwazoesha dawa wale wa magonjwa. Kidonda kikihitaji antibayotiki kweli, daktari wa mifugo huitoa kwa sindano au ndani ya chakula, kwa kipimo kinacholingana na uzito wa samaki.

Isitoshe, bakteria wa vidonda, hasa wale wa jamii ya Aeromonas, mara nyingi huingia pale ambapo kimelea au maji mabaya yameshatoboa njia. Koi anayejisugua sakafuni na kurukaruka hovyo ana muwasho, na muwasho huo hutafutwa kwa hadubini. Samaki huwekwa kwenye beseni la maji ya bwawa, ukingo wa kioo hupitishwa kwa wepesi nyuma ya pezi la ubavuni kuelekea mkiani, na ute uliopatikana huwekewa tone la maji ya bwawa na kutazamwa papo hapo. Trikodina, vimelea vidogo visivyoonekana kwa macho, huonekana zikizunguka kama gurudumu la baiskeli lililopinduliwa. Minyoo bapa wa ngozi hujinyoosha na kujikunja wakiwa wameng'ang'ania kwa ndoano zao. Mara nyingi dawa ya mmoja haimfai mwingine, na hapo ndipo kubahatisha kunapogharimu uhai.

"Madoa meupe yametoweka, amepona"

Kimelea cha madoa meupe hukaa chini ya ngozi ya samaki, mahali ambapo dawa iliyo majini haikifikii. Kikikomaa hudondoka, hugawanyika sakafuni, kisha hutoa mamia ya wachanga wanaoogelea kutafuta samaki, na hao wachanga ndio pekee wanaouawa na dawa. Madoa kutoweka kunaweza kumaanisha tu kwamba kundi la kwanza limedondoka. Katika nyuzi 25 mzunguko huo huisha ndani ya siku chache, na kwenye maji baridi huchukua wiki, kwa hiyo muda wa tiba hupangwa kwa kipimajoto. Tofautisha pia na vipele vigumu vinavyomtokea koi dume kwenye mashavu na mapezi ya mbele wakati wa kuzaana, ambavyo si ugonjwa.

"Chumvi haina madhara, ongeza tu"

Chumvi ni msaada mkubwa inapopimwa. Mwili wa koi una chumvi nyingi kuliko maji anamoishi, hivyo maji humwingia bila kukoma, na figo zake hufanya kazi ya kuyatoa. Chumvi kidogo bwawani humpunguzia kazi hiyo, na huzuia nitriti kupenya matamvua. Kiwango kinachotumika sana ni kilo 3 kwa lita 1,000, zikiyeyushwa na kuongezwa kwa awamu tatu ndani ya siku mbili. Bwawa la urefu wa mita 3, upana mita 2 na kina mita 1 lina lita 6,000, hivyo huhitaji kilo 18 na si zaidi. Chumvi haivukizwi na jua, kwa hiyo anayeongeza kila wiki huilimbikiza. Madini joto yaliyomo kwenye chumvi ya mezani ni kidogo mno kumdhuru samaki.

"Aliyenusurika na virusi yuko salama"

Virusi vya herpesi vya koi, vilivyojulikana tangu 1998, huua sehemu kubwa ya samaki wa bwawa moja, mara nyingi asilimia 80 au zaidi, na hakuna dawa ya kuviponya. Matamvua huwa na mabaka meupe na mekundu, macho huzama, ute huzidi. Ugonjwa hushika kasi maji yakiwa kati ya nyuzi 16 na 28, kiwango ambacho mabwawa ya Nairobi au Arusha huwa nacho sehemu kubwa ya mwaka. Wengine hupandisha joto kupita nyuzi 30 ili kusimamisha vifo, ila anayebaki hai huendelea kubeba virusi na kuweza kuwaambukiza wengine. Binadamu haambukizwi. Kinga iliyopo ni kumtenga kila koi mgeni kwa wiki tatu hadi nne katika maji ya joto la nyuzi 24 hivi, kwa wavu na ndoo zake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo hiyo, koi mgonjwa asiachiliwe mtoni kwa huruma. Yeye ni wa ukoo wa karpu, samaki ambaye tangu mwanzo wa miaka ya 2000 amestawi katika Ziwa Naivasha bila kuwa wa asili yake. Samaki wakianza kufa kwa kufuatana, mwite afisa uvuvi au daktari wa mifugo, umtengee mmoja aliye hai mwenye dalili, kwani aliyekaa saa nyingi baada ya kufa matamvua yake huwa yameshaoza na maabara hayapati cha kusoma.