Tree Warden ni nani, na mbona mti ulio mbele ya nyumba yako si wako

Watu wetu wengi wakitoka majiji kama Lowell ama Worcester wakanunua nyumba kwenye mji mdogo wa jimbo la Massachusetts, Marekani, baridi ikiisha tu wanaanza kuangalia ule mti mkubwa wa kando ya barabara kwa jicho baya, manake majani yanajaza gata na matawi yananing'inia juu ya gari. Hebu weka hiyo pawasoo chini kwanza. Huo mti kuna uwezekano mkubwa ni wa mji, na kuna mtu amekabidhiwa, anaitwa Tree Warden.

Huyu ni msimamizi wa miti. Kila mji kwenye hilo jimbo lazima uwe naye, na ni sheria ya tangu 1899, kwa hivyo si mambo ya juzi ya tabianchi. Kuna miji inamchagua kwa kura, mingine inamteua, na pale mji ni mdogo kabisa unaweza kupata ni yule yule jamaa wa barabara ndiye amebebeshwa na miti pia. Mji ukipita watu 10,000 hapo sasa lazima awe na ujuzi wa kutunza miti.

Kazi yake iko kwenye Sura ya 87 ya sheria za jimbo, na inahusu miti iliyo ndani ya barabara ya umma au kwenye mpaka wake. Kumbuka barabara haiishii kwenye lami, mara nyingi inaendelea mpaka kwenye nyasi ambazo wewe ndiye unazikata kila Jumamosi ukidhani ni zako. Isipojulikana mpaka uko wapi, mti unahesabiwa ni wa barabarani hadi mtu athibitishe vingine. Na hata kama udongo wenyewe ni wako kwa hati, hukati, hupogoi hata tawi, bila kibali chake cha maandishi.

Sasa kinachonifurahisha mimi ni kwamba hata yeye mwenyewe hawezi kuamka tu na kuangusha mti. Tuseme jirani anataka kupanua njia ya kuingiza gari na kuna mti umesimama pale pale. Anaomba kibali, halafu Tree Warden anaitisha kikao cha hadhara, notisi inabandikwa kwenye mti wenyewe na sehemu mbili au zaidi za mji angalau siku saba kabla, ikisema ni mti gani, unene wake na uko wapi, na inatoka gazetini wiki mbili mfululizo. Ukiona karatasi imebandikwa kwenye mti usipite tu, isome. Kwa sababu mtu mmoja tu, yani hata bibi wa nyumba ya tatu, akiandika barua ya kupinga kabla ya kikao au pale pale kikaoni, Tree Warden mikono imefungwa, uamuzi unapanda kwa bodi ya mji, na kwenye majiji unaenda kwa meya. Barua moja! Mimi naona hapo ndipo sheria nzima ina meno, mengine ni makaratasi.

Mti unaohatarisha wapita njia hauhitaji kusubiri hayo yote, na vimiti vyembamba chini ya inchi moja na nusu vinatolewa bila kikao.

Halafu kuna hii watu hawaijui kabisa: kupigilia tangazo kwenye mti wa barabarani ni kosa, faini mpaka dola 50. Wale wa mabango ya harambee na ya kuuza vitu vya nyumbani mmesikia. Ukiukata bila kibali ndio mambo yanakuwa mazito, hapo faini inafika dola 500.

Kupanda nako kuna utaratibu wake. Mji unaweza kupanda mti wa kivuli hadi futi 20 ndani ya kiwanja chako kwa pesa zake, mradi umekubali kwa maandishi. Ukiletewa hiyo karatasi, saini. Ila uliza ni mti wa aina gani, manake Worcester walijifunza kwa uchungu. Mitaa yao ilikuwa imejaa mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, na mwaka 2008 akagunduliwa mdudu, mbawakawa wa Asia, anayetoboa mti kutoka ndani. Aliyemwona kwanza alikuwa mkazi wa kawaida tu, si mtaalamu. Zaidi ya miti 30,000 ikaangushwa, na miji ya jirani kama Holden na Boylston ikawekwa karantini, huruhusiwi hata kutoa kuni nje ya eneo. Siku hizi Tree Warden mwenye akili anachanganya aina.

Miti ya nyuma ya nyumba, mbali na barabara, Sura ya 87 haiigusi. Lakini usishangilie mapema, kuna miji kama Lexington na Wellesley imetunga sheria zake ndogo zinazobana hata miti ya kiwanjani mtu akitaka kujenga, kwa hivyo kabla hujalipa mkandarasi piga simu ofisi ya mji, uliza Tree Warden ni nani, mwambie aje aangalie.