Herufi zote anazijua, sasa mbona hasomi?

Jumamosi iliyopita nililetewa tena mtoto "mvivu". Binti wa darasa la nne, amehamishwa mwaka huu kutoka shule inayofundisha kwa Kiswahili kwenda inayofundisha kwa Kiingereza, na mama yake ameshakata tamaa. "Mwalimu, huyu ei-bii-sii anaijua yote, hata ukimwamsha usiku anakuimbia. Ni uvivu tu." Nikaandika "cat" kwenye karatasi. Mtoto akasoma: "Sii, ei, tii." Nikamwambia aunganishe. Akaunganisha: "Siieitii." Kisha akamtazama mama yake.

Mtoto huyo amefanya kile kile alichofundishwa. Neno hili la uvivu nalisikia karibu kila mwezi na limenichosha. Jina la herufi si sauti yake. Jina litakufaa unapotafuta neno kwenye kamusi au unapomtajia karani namna jina lako linavyoandikwa, kusoma halikusomei. Binti huyo huyo nilimpa gazeti la Kiswahili akateremka nalo bila kukwama, na huko hakuimbishwa majina ya herufi. Alianza na a, e, i, o, u, akaja ba, be, bi, bo, bu, akasoma.

Basi wapo walimu waliokwisha kulielewa hilo, wamehudhuria semina za foniksi, yaani njia ya kufundisha kusoma kwa kuanzia na sauti za herufi, wanafundisha sauti. Na hapo ndipo ninapoudhika zaidi, kwa sababu sauti zenyewe wanazifundisha na mkia. Mwalimu anasimama ubaoni: "Ka! A! Ta!" Darasa zima linaitikia: "Kata!" Wanacheka, wanajua kukata ni nini, na paka hajaonekana. Kila konsonanti imebebeshwa irabu, kwa sababu masikio yetu yamelelewa na silabi, na silabi ya Kiswahili karibu kila mara huishia kwenye irabu. "Cat", "dog" na "bus" zinaishia kwenye konsonanti tupu. Ukimfundisha mtoto t yenye mkia, unamtaka auondoe mwenyewe kichwani wakati wa kuunganisha. Mwepesi ataweza. Anayetatizika hataweza, na ndiye aliyeletwa kwangu.

Dawa ninaichota kwenye Kiswahili chenyewe. Mtoto anayesema "mtu" na "nchi" tayari anajua kushika m na n bila irabu. Mwambie aseme "daftari" polepole, asimame kwenye "daf". Ile f ya mwisho ndiyo ninayoitaka. "Maktaba", simama kwenye "mak". "Labda", simama kwenye "lab". Dakika kumi za mchezo huu zimenisaidia kuliko wiki nzima ya kuimba. Baada ya hapo naanza na sauti zinazovutika: m, n, s, f, l. "Mmmaaannn", bila kukata pumzi katikati, halafu tunafupisha: "man". P, t na k hazivutiki, hizo tunazinong'ona, mkono ukiwa kooni. Koo likitetemeka, mkia umerudi. B, d na g haziwezi kusafishika kabisa, nakiri. Nazifanya fupi kadiri ninavyoweza, basi.

Mpangilio wa herufi sina ugomvi nao. S, a, t, p, i, n zinatoa "sat", "pin", "tap", "nap", "tin" ndani ya siku chache, ndiyo maana programu nyingi huanza nazo. Sh na ch watoto wetu wanazo. Kwenye th wana faida hata juu ya Waingereza wenyewe: sisi tumeandika "thelathini" na "dhahabu" kwa herufi tofauti, wao wameziacha "thin" na "this" zifanane.

Irabu ndizo zinazonitia mashaka. Sisi tuna tano. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu karibu 20. Kwa wengi wetu "cat", "cut" na "cart" zinatamkwa sawa. Zamani nilikazana kuzitenganisha midomoni mwa watoto hadi wakanyamaza kabisa. Siku hizi matamshi nayaacha yawe ya hapa kwetu, nakaza tahajia. Sina hakika kama ni sawa. Makosa ya a na u nayaona kila wiki kwenye imla.

Halafu ile e ya mwisho. Msomaji hodari wa Kiswahili ataisoma "some" kama ya "asome", na "name" ataisoma "na-me". Msimgombeze. Anafuata kanuni ambayo tangu darasa la kwanza haijamdanganya. Mwambieni wazi kwamba Kiingereza kina e isiyotamkwa, ambayo kwenye "name" inabadilisha irabu ya nyuma yake, na kwamba "some" yenyewe imeiasi kanuni hiyo na itabidi ikaririwe, pamoja na "said" na "one".

Wazazi hushtuka wakinisikia nikisomesha "vap" na "lun". Maneno hayo hayapo, na ndiyo sababu nayatumia. Uingereza tangu 2012 huwapima watoto wa miaka sita hivi kwa maneno 40, na 20 kati yake ni ya kubuni, kwa kuwa neno la kubuni halikaririki.

Kuna jambo linaloninyima usingizi. Mwaka 1986 watafiti wa usomaji, Gough na Tunmer, walieleza kusoma kama kuzidisha: kutambua maneno mara kuelewa lugha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri. Mtoto wa London akifumbua "log", yaani akiunganisha sauti zake hadi neno litoke, anakutana na neno analolijua. Wangu anafumbua vizuri kabisa, kisha ananitazama. Kwa hiyo sasa kitu chenyewe kinatangulia, neno la mdomo linafuata, herufi mwisho. Ni polepole, na wazazi wanataka matokeo kabla ya mtihani.

Yule binti aliondoka ameshasoma "man", "fan" na "sun". Nimemwomba mama yake wiki mbili hizi wimbo wa herufi usiimbwe nyumbani, wacheze "daftari" na "maktaba" wakati wa kupika, na Jumamosi ijayo akae naye darasani.