Muuzaji usiyemjua: ninavyosoma sifa za mtu kwenye mnada wa mtandaoni

Picha zilikuwa nne. Lenzi ya kamera, nyeusi, imelazwa juu ya kitambaa cha kijivu, kifuniko chake kimewekwa pembeni. Maelezo yalikuwa mistari miwili tu: lenzi ni safi kwa nje, sijaijaribu kwa sababu sina kamera ya kuifungia. Mnada ulikaa siku saba, watu kumi na mmoja wakapandishiana dau, mmoja akashinda. Mzigo ulipofika, mshindi aliishika ile lenzi, akaielekeza dirishani na kuchungulia. Kwenye kioo cha katikati kulikuwa na utando mweupe, umesambaa kama nyuzi za buibui. Fangasi. Akaandika malalamiko, muuzaji akajibu kwamba alishasema wazi hajaijaribu, na jalada likatua mezani kwangu.

Nimekaa miaka mingi kwenye kazi ya kusuluhisha ugomvi wa namna hii. Kila siku nasoma maneno ya watu wawili ambao hawajawahi kuonana na huenda hawataonana kamwe, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ni mwongo. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nitajuaje kama muuzaji ni mtu mwema? Jibu langu huwa ni kwamba moyo wa muuzaji siujui, na sina namna ya kuujua. Ninachoweza kukijua ni kile atakachopoteza akinidhulumu. Imani ya mnadani inasimama juu ya hicho.

Fikiria tofauti ya mnada huu na kununua kitu mkono kwa mkono. Ukiwa umesimama mbele ya muuzaji, unakishika kitu, unakigeuza, unakitikisa, na fedha zinatoka mfukoni wakati mkono mwingine umeshakikamata. Mtandaoni lazima mmoja atangulie, na karibu kila mara anayetangulia ni mnunuzi. Kuna saa au siku ambazo muuzaji ana vyote viwili, mali na fedha yako, na wewe una picha nne.

Wachumi walishaeleza kwa nini hali hiyo ni ya hatari. Mwaka 1970 George Akerlof alitumia mfano wa magari yaliyokwisha kutumika. Mwenye gari anajua ubovu wake, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi anakubali kutoa bei ya gari la wastani tu. Mwenye gari zima anaona bei hiyo inampunja, anaondoka sokoni. Wanaobaki wengi wao wana magari mabovu, wanunuzi wanalitambua hilo, bei inashuka tena, na wauzaji wazuri waliosalia nao wanaondoka. Akerlof alipata tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na wenzake wawili waliochambua masoko ambayo upande mmoja unajua zaidi ya mwingine. Ukifuata hoja yake hadi mwisho, mnada wa vitu vilivyotumika kati ya watu wasiofahamiana, bila kuvigusa, ulipaswa kufa mapema sana.

Haukufa. Septemba 1995, Pierre Omidyar alifungua tovuti aliyoiita AuctionWeb, ambayo baadaye ilikuja kuwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya leza iliyoharibika, kwa dola 14.83. Inasimuliwa kwamba Omidyar alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kuwa haifanyi kazi, naye akajibu kwamba yeye hukusanya hizohizo zilizoharibika. Wengi hukumbuka kisa hicho kwa sababu ya ajabu yake. Mimi nakipenda kwa sababu ubovu ulitajwa mapema na bei ikapatikana hata hivyo. Mwanzoni mwa 1996 aliongeza jambo ambalo naliona kubwa kuliko mnada wenyewe: mahali pa wanunuzi na wauzaji kuandikiana maoni hadharani, yakabaki hapo kila anayepita ayasome.

Maoni hayo ndiyo kile ambacho muuzaji atapoteza akinidhulumu; ni kama rehani aliyoiweka. Jina lililokusanya sifa kwa miaka ni mali, na mali hiyo imeshapimwa. Mtafiti Paul Resnick na wenzake walishirikiana na muuzaji mzoefu wa kadi za posta za zamani kwenye eBay. Kadi zinazolingana aliziuza nyingine kwa jina lake lililojulikana, nyingine kwa majina mapya yasiyo na historia. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalionyesha kwamba wanunuzi walikuwa tayari kulipa asilimia 8.1 zaidi kwa jina lenye sifa. Piga hesabu kwa upande wa muuzaji huyo. Akikuibia kadi moja anapata bei ya kadi moja, lakini anahatarisha nyongeza ile kwenye kila kadi atakayoiuza maisha yake yote. Ndiyo maana muuzaji anayetegemea mnada kuendesha maisha huwa mwangalifu kwako, hata kama siku hiyo hana hata chembe ya huruma.

Upande wa pili wa hesabu hiyo unawaumiza wageni. Kwa kuwa kufungua akaunti mpya hakugharimu kitu, aliyechafua jina anaweza kulitupa na kurudi kesho akiitwa vingine. Wanunuzi wanalijua hilo, kwa hiyo kila mgeni, hata mwaminifu kabisa, analipa kodi ya ugeni. Bei zake zinakuwa za chini na maswali yanakuwa mengi. Nikiombwa ushauri na anayeanza kuuza, namwambia aanze kwa kununua vitu vidogo, alipe haraka, aandikwe vizuri, kisha auze vitu ambavyo hata mnunuzi akivipoteza hatalia. Inachosha, na sijaona njia ya mkato.

Matapeli nao wanaijua njia hiyo. Nimeona akaunti zenye maoni mazuri mia mbili, yote yakihusu stika na vibandiko vya bei ya chini kabisa, kisha ghafla siku moja zinaweka simu sita za gharama kubwa. Jumla ya alama haikuambii hayo. Fungua orodha uone alama zilitokana na kuuza nini, kwa bei gani, na lini. Utafiti wa Luis Cabral na Ali Hortaçsu, uliochapishwa mwaka 2010 kwa data za eBay, ulikuta kwamba muuzaji akipata maoni mabaya kwa mara ya kwanza, mauzo yake yaliyokuwa yakikua kwa asilimia 5 kwa wiki huanza kushuka kwa asilimia 8. Ulikuta pia kwamba muuzaji anayekaribia kuondoka kabisa hupata maoni mabaya mengi kuliko kawaida yake. Hilo linafanana sana na ninayoyaona mezani. Mtu aliyekata tamaa na jina lake anaanza kulila. Kwa hiyo mimi husoma maoni ya siku thelathini za mwisho kabla ya kutazama miaka kumi iliyopita.

Jambo linaloniuma zaidi katika kazi hii ni ukimya. Resnick na mwenzake Richard Zeckhauser walichambua mauzo ya eBay ya mwaka 1999 wakakuta wanunuzi waliandika maoni kwenye takribani asilimia 52 ya mauzo, na kati ya maoni hayo yaliyokuwa mabaya hayakufika hata asilimia moja. Ukisoma takwimu hizo juujuu utadhani mnadani kumejaa malaika watupu. Lakini nusu nzima hawakusema neno, na huenda wengi wa waliochukizwa walikuwa ndani ya nusu hiyo. Sababu mojawapo ilikuwa woga. Enzi hizo muuzaji naye aliweza kumwandikia mnunuzi vibaya, na wauzaji wengi walisubiri mnunuzi aanze ili walipize. Mnunuzi aliyepokea kitu kibovu alipima, akaona heri ameze machungu kuliko kuchafuliwa jina. Mwaka 2008 eBay iliamua kwamba muuzaji hawezi tena kumwandikia mnunuzi maoni mabaya. Wauzaji walilalamika sana, na walikuwa na hoja, maana wapo wanunuzi wakorofi. Bado nauona uamuzi ule kuwa wa haki, kwa sababu anayetangulia kutoa fedha ndiye anayehitaji kusema bila kuogopa.

Kwa kuwa maoni mabaya ni adimu, jifunze kusoma mazuri. "Muuzaji bora, nitarudi tena" hayaniambii chochote. "Mzigo umefika hatimaye" yananiambia kuna mtu alisubiri hadi akachoka. Nikikuta "kuna mkwaruzo mdogo ambao sikuuona kwenye picha, ila sawa tu" mara tatu kutoka kwa watu watatu, najua muuzaji huyo anachagua upande wa kupiga picha. Na maoni yenye thamani kuliko yote huwa kama haya: "kilifika kimevunjika, nikamwandikia, akarudisha fedha siku hiyohiyo." Hapo muuzaji ameonekana siku mambo yalipoharibika. Muuzaji ambaye hajawahi kuharibikiwa na kitu sijui atafanya nini kikiharibika changu.

Picha nazo zinasomeka. Tazama meza na sakafu. Kama kila kitu anachouza kimepigwa mahali tofauti, kwa mwanga tofauti, huenda picha zimeokotwa kwa watu wengine. Kwa kitu cha gharama, omba picha mpya yenye karatasi iliyoandikwa tarehe ya leo pembeni, na nyingine ya namba ya utambulisho iliyogongwa kwenye kitu chenyewe. Mwenye mali anaweza kuzipiga kwa dakika mbili. Asiye nayo ataanza hadithi za safari na ugonjwa.

Kisha kuna hila ambayo maoni hayaikamati vizuri: dau la uongo. Mwaka 2000, mchoro uliowekwa eBay kwa bei ya kuanzia ya senti 25 ulipanda hadi dola 135,805, kwa sababu wanunuzi waliamini kuwa huenda ni kazi ya mchoraji Richard Diebenkorn. Ikagundulika kwamba muuzaji alikuwa amepandisha dau kwenye mali yake mwenyewe; mauzo yakafutwa, na yeye na wenzake wakafikishwa mahakamani. Ukipekua historia ya madau, kuwa na shaka na akaunti inayompandia dau muuzaji mmoja tu, haishindi kamwe, na inajiondoa mapema kabla ya dakika za mwisho. Kinga yangu hapa ni rahisi. Naamua bei yangu ya juu kabla sijaingia, naiandika mara moja kwenye mfumo unaonipandishia hatua kwa hatua, kisha naondoka. Dau la uongo linawala zaidi wale wanaobaki kwenye skrini, moyo unawadunda, na kuongeza kidogo kila wanapopitwa.

Kuhusu malipo sitasema mengi, kwa sababu kanuni ni moja. Fedha ipite kwenye njia ambayo inaweza kurudishwa, au ishikwe na mtu wa tatu hadi utakapothibitisha kwamba mzigo umefika na uko sawa. Muuzaji akikuomba muhamishie mazungumzo kwenye simu na malipo nje ya jukwaa ili akupunguzie bei, anakuomba umrudishie rehani yake. Majalada ya namna hiyo yakinifikia sina la kufanya, na nimeshawaandikia watu wengi barua hiyo ngumu.

Nawaonea uchungu wauzaji pia. Kuna mnunuzi anayepokea simu nzima na kudai amepokea boksi tupu, na kuna anayerudisha ya kwake mbovu badala ya ile aliyotumiwa. Muuzaji, piga video ukiwa unafunga mzigo, bila kuikata, namba ya kitu ionekane, uzito wa kifurushi uonekane kwenye mizani, na risiti ya kutuma uitunze. Uzito umewaokoa wauzaji wengi mbele yangu: boksi lililopimwa kilo moja na nusu wakati wa kutumwa haliwezi kuwa lilikuwa tupu.

Turudi kwenye lenzi. Neno "sijaijaribu" si kosa. Watu wanauza vitu vya marehemu, vya ghalani, vya wazazi wao, na kweli hawajui kama vinafanya kazi. Ila fangasi haihitaji kamera. Inahitaji dirisha. Nikafungua mauzo ya nyuma ya muuzaji yule nikakuta lenzi nyingine tisa, na kwenye mbili za mwanzo aliandika kwamba amezijaribu kwenye kamera yake. Nikatazama mazungumzo ya faragha na wanunuzi waliotangulia. Wawili walikuwa wamelalamikia utando uleule, wakajibiwa kwa ukali, wakaacha. Hadharani wote wawili walikuwa wameandika "asante, imefika", nyota tano.

Niliamuru fedha zirudishwe. Mnunuzi aliniuliza kama bado kuna haja ya kuandika maoni, maana yake yamekwisha. Nikamwomba aandike alichokiona tu. Aliandika hivi: "Lenzi ina fangasi kwenye kioo cha katikati, unaiona ukiielekeza kwenye mwanga. Maelezo yalisema haijajaribiwa. Fedha imerudi baada ya siku kumi na mbili, kupitia usuluhishi." Muuzaji alikuwa na lenzi nyingine mnadani wiki hiyo. Siku mbili baadaye, chini ya picha zake nne, mtu aliyekuwa akiongoza dau alimwandikia swali: tafadhali, naomba picha iliyopigwa lenzi ikiwa imeelekezwa dirishani.