Ule muhuri nyuma ya picha za zamani za Antwerp unamaanisha nini?

Watu wengi wakiona herufi zimegongwa nyuma ya picha ya kale wanadhani ni sahihi ya mchoraji, kumbe ni ya seremala. Yaani yule aliyetengeneza ubao wenyewe, maana miaka ya 1600 pale Antwerp, mji wa bandari ulioko Ubelgiji ya leo, picha nyingi zilichorwa kwenye mbao za mwaloni, nyingi zikiletwa kwa meli kutoka nchi za Baltiki, na kutengeneza ubao wa kuchorea ilikuwa kazi ya watu kabisa, sio kitu mchoraji anajifanyia.

Sasa mwaloni una shida moja. Kile kiini cha ndani ni kigumu, ila ule weupe wa nje karibu na ganda ni laini na wadudu wanaupenda sana, na fundi mjanja akitaka kubana hela anauacha humohumo, anaunganisha, anapiga randa, basi. Mnunuzi hajui. Miaka 30 baadaye picha imetobolewa na dumuzi. Ndo maana Desemba 1617 wakaweka sheria kwamba kila fundi mbao awe na alama yake na aigonge kwenye kazi yake, halafu mkaguzi wa chama cha Mtakatifu Luka, yaani chama cha wachoraji na mafundi wa mji, apitie, akiridhika anachoma nembo ya mji kwa chuma cha moto: ngome na mikono miwili juu yake. Hiyo mikono inatokana na hadithi yao ya jitu lililokuwa linakata mikono ya mabaharia wasiolipa ushuru, mpaka likakatwa wa kwake.

Kwa hiyo alama ni mbili, usizichanganye. Nembo ya mji ni kama muhuri wa bwana afya kwenye nyama ya buchani, inasema mali imekaguliwa, na herufi zinasema wa kulaumiwa ni nani. Mfano M na V zilizoshikana ni za Michiel Vriendt, huyu alikuwa anamuuzia mbao Rubens mwenyewe, yule mchoraji maarufu wa Antwerp. Ila kukuta MV hakumaanishi umepata Rubens jamani, alikuwa na wateja wengine kibao! Inakusaidia tu kujua ubao ulitengenezwa lini na wapi, na hata hapo ubao unaweza kukaa stoo miaka kabla haujapakwa rangi.

Picha nyingine zilichorwa kwenye mabati ya shaba, na mafundi wa mabati hayo nao walikuwa na alama zao, mfano fundi Pieter Stas aligonga jina lake nyuma ya bati, saa nyingine na mwaka kabisa.

Kinachouma ni kwamba baadaye, hasa miaka ya 1800, mafundi wa kukarabati picha za zamani walikuwa wanazipunguza mbao unene ili wazinyooshe, kwa hiyo ukigeuza picha ukakuta nyuma kumebandikwa fito zimepishana kama dirisha la nondo, alama ya fundi ilishaondoka na randa zamani.