Mti wako tayari umo shambani

Nina miaka kumi na minne katika ugani wa misitu mkoani Dodoma, na ile ya mwanzo iliishia kwenye kugawa miche. Januari tunashusha miche kwenye lori, kila kaya inapewa yake, picha zinapigwa. Ikifika Septemba unakuta vijiti vikavu, na vilivyosalimika na jua vimemalizwa na mbuzi. Wakulima hawakuwa wavivu. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 600 mwaka ukiwa mwema. Mche wenye mzizi wa shubiri moja utavukaje kiangazi hicho, na maji ya kunywa yenyewe yanafuatwa mbali?

Siku hizi sianzi na mche. Naanza na kisiki.

Tembea kwenye shamba lolote la Kongwa au Mpwapwa kabla ya kulima. Utaona vichaka vya magotini ambavyo kila mwaka vinafyekwa na kila mwaka vinarudi. Vinarudi kwa sababu chini yake kuna mlama, mgunga au mkwaju uliokatwa zamani, ila mizizi yake haijafa na ilishayafikia maji. Kongwa ndiko Waingereza walikoanzisha mpango wa karanga mwaka 1947, wakang'oa vichaka kwa matrekta kwenye maelfu ya eka, ukame ukawashinda na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Hata katika ardhi iliyopita mikononi mwa watu hao, bado naonyeshwa visiki vinavyochipua.

Kazi yenyewe ni hii. Kisiki kimoja kinaweza kutoa machipukizi kumi na tano yanayogombania maji yale yale. Chagua mawili au matatu, yaliyonyooka na yenye afya, mengine yakate karibu na ardhi. Yale uliyoyaacha yapogolee matawi ya chini hadi nusu ya urefu wake. Panga liwe kali, na ukate kutoka chini kwenda juu, maana ukikata kutoka juu gome linachanika na maji yanaingia kwenye kidonda. Halafu funga alama. Bibi mmoja niliyekuwa naye alichana pindo la kanga yake kuukuu, akafunga kwenye shina lililomfika kiunoni. Akaniambia, "Mwanangu, hiki nimekilima miaka ishirini nikidhani ni gugu." Nilipopita kwake baada ya misimu mitatu, mti ulikuwa umempita kimo, na kuni za kupikia alikuwa anazipata kwenye matawi anayopogolea.

Mbinu hii ilipata sifa nchini Niger, ambako Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alianza kuieneza kwa wakulima wa Maradi mwaka 1983. Huko imerudisha miti kwenye zaidi ya hekta milioni tano.

Sasa kuhusu mazao, maana hapo ndipo wakulima wananiuliza kwa ukali, na ni haki yao kuuliza. Miti ikizidi, mahindi yanadumaa. Mimi nashauri miti ishirini hivi kwa eka, iliyopogolewa kila mwaka kabla ya kupanda ili mwanga upite. Faida utaiona Februari, mvua inapokatika mahindi yakiwa yanachanua. Penye kivuli chepesi udongo haupati joto kali, upepo unapungua nguvu, na majani yaliyooza yanashika unyevu. Siku chache za unyevu wakati huo zinatosha kuamua kama gunzi litajaa au litabaki na mapengo. Ukibahatika kuwa na mkababu, usiuguse kabisa: wenyewe hupukutisha majani masika, mahindi yakapata jua, na kiangazi huwa na majani na maganda ambayo ng'ombe wanayapenda.

Shamba lisilo na kisiki hata kimoja, hapo ndipo napanda. Glirisidia, mti wa jamii ya kunde, na mbaazi katikati ya mahindi vinafanya vizuri Kongwa, vinatia naitrojeni kwenye udongo na kutoa kuni mapema.

Kinachonisumbua hadi leo ni mifugo ya baada ya mavuno, mashamba yanapokuwa ya wote. Chipukizi la mwaka mmoja haliwezi kuvumilia kundi la mbuzi. Nimeona vijiji vilivyopitisha sheria ndogo na kuwaita wafugaji kikaoni kabla ya mavuno, na nimeona vingine vilivyongoja hadi ugomvi. Kama kijijini kwenu kikao hicho hakijaitishwa, nenda kwa mwenyekiti wiki hii, kabla mtama haujakatwa.